Bachfest ya Leipzig kwa mwanakwaya wa Afrika Mashariki: mwongozo kamili

Kila mwezi Juni, kwa siku kumi hivi, jiji la Leipzig nchini Ujerumani hufanya tamasha la muziki wa Johann Sebastian Bach na watunzi wa zama zake. Bach aliishi pale miaka 27, tangu 1723 hadi alipofariki tarehe 28 Julai 1750, akiwa mwalimu katika shule ya Mtakatifu Thomas na msimamizi wa muziki wa makanisa makuu ya jiji. Tamasha hilo, Bachfest, hufanyika kila mwaka tangu 1999 chini ya Bach-Archiv, taasisi inayotunza na kuchunguza hati zake. Maonyesho hupita mia moja, na mengi hufanyika katika makanisa yale yale aliyoyatungia muziki huo.

Mwongozo huu nauandikia hasa mwanakwaya: yule anayejua kushika sauti yake, anayesoma nota au solfa, na ambaye amekuwa akijiambia kwamba tamasha kama hili ni la watu wengine. Si la watu wengine. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame, Kilimanjaro, mwaka 1893, na mapokeo ya korali (nyimbo za kitabu cha nyimbo za Kilutheri) waliyokuja nayo ni yale ambayo Bach aliyajengea kantata zake. Mwanakwaya wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), na mpiga tarumbeta wa usharika, anaingia Thomaskirche, kanisa la Mtakatifu Thomas, akiwa na kitu ambacho mtalii mwenye pesa zaidi hana: nyimbo zenyewe zimo kichwani mwake tayari. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: panga safari yako yote kwa kufuata korali, wala usianze na majina makubwa ya waongozaji na orkestra.

Hatua ya kwanza: elewa unachokiendea

Muziki mwingi wa Bach wa Leipzig haukutungwa kwa ajili ya jukwaa. Ulitungwa kwa ajili ya ibada. Jumapili ibada kuu ilianza saa 1 asubuhi na iliweza kuchukua saa tatu au nne, na kabla ya mahubiri kwaya na wapigaji waliimba kantata ya dakika ishirini hivi iliyofafanua somo la siku hiyo. Jumapili iliyofuata, nyingine. Kantata za kanisani zilizosalia zinakaribia 200.

Mwaka wa pili wa kazi yake, kuanzia tarehe 11 Juni 1724, alianza mfululizo wa kantata ambazo kila moja imesimama juu ya wimbo mmoja wa kitabu cha nyimbo. Ilikuwa miaka 200 kamili tangu vitabu vya kwanza vya nyimbo za Kilutheri vichapwe mwaka 1524. Tamasha la 2024 liliadhimisha mambo yote mawili kwa kaulimbiu ya CHORal TOTAL. Kila mwaka huwa na kaulimbiu yake. Itafute mapema, kwa sababu ndiyo inayoamua kazi zipi zitapigwa kwa wingi.

Humo utakutana pia na wenzake Bach. Telemann, ambaye baraza la jiji lilimtaka kwanza mwaka 1722 kabla ya kumfikia Bach. Johann Kuhnau, aliyeshika nafasi hiyo kabla yake. Buxtehude, Vivaldi, na wanawe Bach waliokuwa watunzi wakubwa. Usiwaruke. Ukimsikia Kuhnau jioni moja na Bach jioni inayofuata, utaelewa waumini wa Leipzig walishtushwa na nini.

Hatua ya pili: tiketi, na hasa kiti

Ratiba hutangazwa mapema sana, na kwa kawaida tiketi huanza kuuzwa majira ya vuli ya mwaka unaotangulia. Onyesho la ufunguzi, Pasioni (kazi kubwa inayoimba mateso ya Yesu) kama imo, na Misa ya mwisho huisha kwanza. Tiketi kwa kawaida hazirudishwi, kwa hiyo kama unahitaji viza, nunua mbili au tatu za maonyesho usiyoweza kuyakosa, nyingine subiri.

Sasa suala la kiti, ambalo wengi huligundua wakiwa wameshakaa. Katika Thomaskirche kwaya na orkestra husimama juu, kwenye roshani ya magharibi, kandokando ya kinanda kikubwa cha mabomba. Wanaokaa chini katikati ya kanisa, wengi wao hawawaoni waimbaji kabisa. Sauti inawashukia kutoka juu na nyuma. Tiketi za namna hiyo ni za bei nafuu, na zile zisizo na mwono wowote Wajerumani huziita Hörplatz, yaani kiti cha kusikiliza tu. Ukitaka kuona mkono wa mwongozaji na vidole vya mpiga fidla, tafuta kiti kwenye roshani za pembeni, na uwe tayari kulipa.

Mimi nasema hivi: kwa kantata na Misa, chukua kiti cha bei nafuu chini bila kujuta. Hivyo ndivyo waumini wa Bach walivyosikia, wakitazama mimbari na madhabahu, si waimbaji. Kiti kizuri kiweke kwa onyesho la ala, mahali unapotaka kutazama vinanda vya kale na fidla zenye nyuzi za utumbo wa mnyama zikichezwa.

Kuna mengi ya bure au ya senti chache. Siku za mwanzo jukwaa huwekwa Markt, uwanja wa soko mbele ya Ukumbi wa Jiji wa Kale, na watu hukaa hadi usiku bila kulipa. Ibada za Jumapili zenye kantata ziko wazi kwa kila mtu. Na kuna Motette, ambayo nitairudia hapa chini, kwa sababu kwa mwanakwaya hiyo ndiyo inayozidi zote.

Hatua ya tatu: viza

Msomaji anayeishi Ulaya kwa kibali cha nchi ya Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) aruke sehemu hii. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen ya muda mfupi, na kwa kuwa unaenda Ujerumani, ombi linaenda kwa Ujerumani hata kama ndege itatua kwanza nchi nyingine.

Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na lisichelewe kupita siku 15 kabla. Kwa tamasha la Juni, maana yake dirisha linafunguka Desemba. Tafuta miadi mara moja. Ucheleweshaji mwingi uko kwenye kupata miadi, si kwenye uamuzi. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na angalau kurasa mbili tupu, na ibaki halali miezi mitatu baada ya siku utakayotoka Schengen.

Zile tiketi chache ulizonunua ziambatishe, pamoja na ratiba fupi ya ukurasa mmoja: tarehe, onyesho, mahali pa kulala. Barua ya mwajiri inayosema utarudi kazini lini ina uzito mkubwa. Kama uko kwenye kwaya, ongeza barua ya usharika au ya mwalimu wa kwaya inayoeleza nafasi yako. Sababu ya safari ikionekana wazi kwenye karatasi, afisa hana haja ya kuibuni.

Hatua ya nne: fundisha masikio kabla hujafunga mizigo

Hapa ndipo safari inapofaulu au kupotea. Mtu anayeingia kwenye kantata bila maneno na bila kuujua wimbo husikia sauti nzuri kwa dakika ishirini, basi. Jipe miezi mitatu. Jumuiya ya Bach ya Uholanzi inarekodi kazi zake zote na kuziweka kwenye intaneti bure, pamoja na picha za video, chini ya mradi wa All of Bach. Anzia huko.

Kila kazi ya Bach ina namba ya BWV, kutokana na orodha iliyochapwa 1950. Tumia namba hizo unapotafuta. Majina ya Kijerumani yanachosha kuandika na namba haikosei.

Anza na BWV 140, Wachet auf. Ni wimbo wa Philipp Nicolai juu ya wanawali kumi wa Mathayo 25. Bach aliutungia kantata kwa Jumapili ya 27 baada ya Utatu, tarehe 25 Novemba 1731, Jumapili ambayo hutokea tu Pasaka inapokuwa mapema sana, ndiyo maana hakuitumia mara nyingi. Ina sehemu saba, na mimi ningeisikiliza kinyumenyume.

Fungua sehemu ya saba kwanza. Ni korali tupu ya sauti nne, kama mnavyoimba kanisani. Chukua sauti yako, iwe alto, tena (sauti ya juu ya wanaume) au besi, na uiimbe hadi usihitaji karatasi. Kisha rudi sehemu ya nne. Fidla zote zinapiga wimbo mmoja wenye mwendo wa kucheza, wimbo ambao hauko kwenye kitabu chochote cha nyimbo, halafu waimbaji wa tena wanaingia katikati na wimbo wa Nicolai, polepole, kana kwamba hawajasikia hizo fidla. Jaribu kuimba pamoja na tena huku masikio yakifuata fidla. Ukiweza, nenda sehemu ya kwanza: soprano wanashika wimbo kwa nota ndefu, na chini yao alto, tena na besi wanakimbizana, wakiitana kuamka. Sasa huo wimbo unaujua kwa ndani, na hapo ndipo utasikia alichofanya Bach.

Jambo moja la kiufundi litakukwaza usipoambiwa. Vikundi vingi vya tamasha hutumia ala za mtindo wa kale zilizowekwa sauti kwenye hezi 415 badala ya 440, yaani takriban nusu sauti chini. Ukikaa na kinanda chako cha umeme ufuate rekodi, kila nota itakuwa nje. Kinanda hakijaharibika. Tumia kitufe cha kuhamisha ufunguo, shusha nusu sauti, na kila kitu kitakaa sawa.

Baada ya hapo nenda Pasioni ya Mathayo, BWV 244. Usiisikilize yote saa mbili na dakika arobaini na tano mara moja. Tafuta kwanza korali ya O Haupt voll Blut und Wunden, ambayo Bach anaileta mara tano. Wimbo wake ulitungwa na Hans Leo Hassler na kuchapwa 1601 kama wimbo wa mapenzi. Kanisa likauchukua baadaye. Mara ya pili Bach anaushusha tu nusu sauti; baada ya hapo, kila unaporudi, amebadilisha sauti za chini. Mara ya mwisho, Yesu akiwa ameshakata roho, besi, tena na alto zinapita katika nota ambazo sikio halizitarajii hata kidogo, ilhali soprano wanaimba wimbo ule ule kila muumini alioujua. Ziweke hizo tano mfululizo, usikilize tofauti. Zoezi hilo litakufundisha zaidi kuliko kitabu.

Wapiga tarumbeta, msikilize Gottfried Reiche kupitia kazi zilizoandikwa kwa ajili yake. Alikuwa mkuu wa wapigaji wa jiji la Leipzig, na tarumbeta zao hazikuwa na vali. Kila nota ilitoka kwenye midomo na pumzi. Oktoba 1734 alipiga katika onyesho la usiku mbele ya mfalme, BWV 215, na kesho yake akaanguka barabarani akafa. Ukisikiliza sehemu ya kwanza ya kazi hiyo utaona kazi aliyopewa ilivyokuwa nzito.

Hatua ya tano: kufika na kulala

Safari nyingi za ndege kutoka kwetu zitakufikisha Frankfurt au Berlin. Kutoka Berlin treni ya kasi huchukua saa moja na robo hivi hadi Leipzig. Kutoka Frankfurt ni saa tatu au zaidi kidogo. Kata tiketi ya treni mapema, bei hupanda.

Lala ndani ya barabara ya mzunguko inayozunguka jiji la kale, au karibu na njia ya tramu. Ndani ya mzunguko huo kila kitu ni cha miguu: Thomaskirche hadi Nikolaikirche (kanisa la Mtakatifu Nikolai) ni dakika kumi. Beba sweta hata kama nje ni joto, makanisa ya mawe hubaki na ubaridi. Jua la Juni huzama baada ya saa 3 usiku, na Jumapili maduka mengi hufungwa, kwa hiyo nunua chakula Jumamosi. Ratiba zote huandikwa kwa saa 24: 20:00 ni saa 2 usiku.

Hatua ya sita: namna ya kuzipanga siku

Maonyesho mawili kwa siku yanatosha. Matatu ukitaka, lakini mara moja tu. Anayejaza manne kwa siku hasikii chochote kufikia siku ya tatu.

Weka Motette kwanza, kisha mengine yaizunguke. Kwa kawaida Ijumaa saa 12 jioni (18:00) na Jumamosi saa 9 alasiri (15:00), Thomaskirche hufanya ibada fupi ya muziki, na mara nyingi waimbaji ni Thomanerchor wenyewe, kwaya ya wavulana iliyoanzishwa 1212, ile ile aliyoiongoza Bach. Kiingilio kwa siku za kawaida ni karatasi ya programu unayoinunua mlangoni kwa euro chache; wakati wa tamasha hakikisha kwenye ratiba. Jumamosi mara nyingi huwa na kantata. Fika angalau dakika 45 kabla, foleni huwa ndefu.

Ndani ya programu utakuta korali iliyochapwa kwa ajili ya watu wote. Hapo wewe si mtazamaji. Imba. Ukiijua sauti yako ya alto au besi, imba hiyo. Kanisa zima linaimba, kinanda kinabeba, na hakuna atakayegeuka kukutazama isipokuwa kwa furaha. Makofi kwenye Motette hayapigwi. Kwenye maonyesho hupigwa, ila subiri: baada ya Pasioni watu hukaa kimya muda mrefu, na anayewahi kupiga makofi huharibia wote.

Kabla ya kutoka, nenda mbele kwenye madhabahu. Kaburi la Bach liko sakafuni: bamba la shaba lenye jina lake, bila sifa yoyote, na mara nyingi maua. Mifupa yake ilikuwa Johanniskirche, kanisa lililoharibiwa wakati wa vita, na iko hapa tangu 1950. Nje kuna sanamu ya Bach iliyotengenezwa na Carl Seffner, ya 1908. Tazama mfuko wa koti: umegeuzwa nje, mtupu.

Mkabala na kanisa ni Makumbusho ya Bach. Tenga nusu siku. Humo mna picha yake iliyochorwa na Elias Gottlob Haussmann mwaka 1748, na hati za mikono yake huonyeshwa kwa zamu. Bach-Archiv inatunza karatasi asilia za waimbaji na wapigaji za kantata 44 za mfululizo ule wa korali, ambazo mjane wake Anna Magdalena aliziacha kwa jiji na shule mwaka 1750. Ukibahatika kukuta moja imewekwa wazi, inama uiangalie karibu. Ni karatasi ya kazi: sauti moja tu, mistari imebanwa ili kuokoa karatasi, wino umepenya upande wa pili. Mwanakwaya yeyote aliyewahi kunakili sauti yake kwenye daftari usiku wa kuamkia Jumapili ataitambua.

Nikolaikirche usiipite kwa sababu kaburi haliko pale. Ndipo Pasioni ya Yohana ilipoimbwa mara ya kwanza, Ijumaa Kuu ya tarehe 7 Aprili 1724, na ndipo Bach alipofungua kazi yake Leipzig kwa BWV 75 tarehe 30 Mei 1723. Nguzo za ndani zimechongwa vichwa vya makuti kama minazi, kazi ya miaka ya baada ya Bach. Mtu wa pwani atainua macho na kucheka.

Hatua ya saba: toka jijini siku moja

Wengi huikosa hii kwa kung'ang'ania kumbi kubwa. Kinanda ambacho Bach alikipiga Thomaskirche hakipo tena. Lakini Störmthal, kijiji kidogo kusini mwa Leipzig, bado kina kinanda cha Zacharias Hildebrandt ambacho Bach alikikagua na kukizindua tarehe 2 Novemba 1723. Naumburg, kama kilomita 60 kusini-magharibi, kuna kinanda kikubwa cha fundi huyo huyo, ambacho Bach alikikagua mwaka 1746 pamoja na Gottfried Silbermann. Tamasha huwa na safari za basi kwenda sehemu za namna hii, na nafasi huisha upesi. Kati ya hivyo viwili mimi naichagua Störmthal. Kanisa ni dogo, unakaa karibu kabisa na kinanda, na unasikia upepo ukiingia kwenye mabomba kabla ya nota.

Halle pia si mbali, ni mwendo mfupi wa treni. Händel alizaliwa pale 1685, mwaka mmoja na Bach, na mji huo una tamasha lake ambalo mara nyingi hukaribiana na la Leipzig. Kwa safari ya kwanza nisingegawanya moyo.

Siku ya mwisho

Kwa desturi tamasha hufungwa Jumapili kwa Misa ya BWV 232 katika Thomaskirche. Kwenye programu utaiona kama h-Moll-Messe. H ya Wajerumani ni B yetu. Inakaribia saa mbili. Bach aliikusanya katika miaka yake ya mwisho, 1748 hadi 1749, akitumia Kyrie na Gloria alizozipeleka Dresden mwaka 1733 na Sanctus ya 1724. Kabla ya kwenda, sikiliza Gratias agimus tibi, kisha rukia Dona nobis pacem mwishoni kabisa. Ni muziki ule ule. Alichukua wimbo wa shukrani akaufanya ombi la amani, na tarumbeta zikifika juu mara ya pili utakuwa unajua zimetoka wapi.

Usikate treni ya jioni hiyo. Misa inaweza kuanza kwa kuchelewa, na hutataka kukimbilia stesheni katikati ya Dona nobis. Ondoka Jumatatu. Makumbusho ya Bach hufungwa siku hiyo, kwa hiyo uwe umeshaiona. Lakini Nikolaikirche ina sala ya amani kila Jumatatu saa 11 jioni (17:00), desturi iliyoanza zamani za utawala wa kikomunisti na ambayo tarehe 9 Oktoba 1989 ilitanguliza maandamano ya makumi ya maelfu ya watu. Ndege yako ikiwa ya usiku kutoka Berlin haitakuruhusu; ikiwa ya Jumanne, pitia.